Mkataba wa Saini, LPO na Delivari, au WhatsApp na M-Pesa: Ushahidi Upi Umfaao Msambazaji wa Malindi na Lamu?

Msambazaji wa samaki anayepeleka mzigo hotelini Malindi, au muuza saruji anayevusha mali kutoka Mokowe hadi kisiwani Lamu, akikosa haki yake na kufika mahakamani huulizwa maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya kuwa moja. La kwanza ni iwapo kulikuwa na makubaliano, baina ya nani na nani, na kwa masharti gani. La pili ni hasara yenyewe ni shilingi ngapi na imehesabiwaje. Mtu anaweza kulishinda swali la kwanza asubuhi na mapema, kisha akaondoka na fidia isiyotosha hata nauli na posho ya mashahidi, kwa sababu la pili hakulitayarishia chochote.

Makala haya yanalinganisha njia tatu ambazo wafanyabiashara wa pwani hii huzitumia kuweka kumbukumbu za usambazaji: mkataba mmoja ulioandikwa na kutiwa saini, mlolongo wa karatasi za kila safari, yaani LPO (karatasi ya agizo la mnunuzi), hati ya kupokelea mzigo ambayo madukani huitwa delivari, na ankara, na mwisho mazungumzo ya WhatsApp yakifuatwa na malipo ya M-Pesa. Sheria inayozungumziwa ni ya Kenya. Anayesoma akiwa tayari ana faili mahakamani ampelekee wakili karatasi zake, kwani tarehe moja au sahihi moja yaweza kubadili mengi.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni nguvu ya ushahidi kwamba makubaliano yalikuwepo. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinamtwika jukumu la kuthibitisha yule anayeitaka mahakama imhukumie, na katika daawa za madai kipimo ni uwezekano, yaani maelezo ya nani yanaelekea zaidi kuwa kweli. Juu ya hapo kuna kifungu cha 6 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambacho wauzaji wengi hawajapata kukisikia. Kinasema kwamba mauzo ya bidhaa za thamani ya Sh200 au zaidi hayawezi kudaiwa mahakamani isipokuwa mnunuzi awe amepokea na kukubali sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au pawe na maandishi ya mapatano yaliyotiwa saini na yule anayedaiwa au wakala wake. Kiasi hicho siku hizi hakinunui hata kilo moja ya samaki mzuri, kwa hiyo kila biashara tunayoizungumzia hapa imo ndani ya kifungu hicho. Ikumbukwe hata hivyo kwamba milango ni mitatu, na mmoja tu unatosha.

Kigezo cha pili ni masharti: kiasi, bei, muda, na namna ya kuvunja uhusiano. Cha tatu ni kupokelewa kwa mzigo. Cha tano, ambacho nakitaja mapema ili tusikisahau, ni gharama na usumbufu, kwa maana ushahidi bora ambao hakuna mtu gatini mwenye muda wa kuuandika saa kumi na mbili asubuhi si ushahidi.

Kigezo cha nne, hasara, kinahitaji mfano. Tuseme msambazaji wa Malindi amekubaliana na hoteli kupeleka kilo 200 za changu kila wiki, kwa wiki 12, kwa Sh600 kila kilo. Baada ya wiki nne hoteli inasitisha bila sababu, na mizigo ya wiki mbili za mwisho haijalipwa. Mizigo hiyo miwili ni deni la Sh240,000, na hudaiwa kama lilivyo, kwa kuwa samaki walipokelewa na kuliwa. Wiki nane zilizobaki ni jambo jingine kabisa. Mtu aliyekasirika huzidisha kilo 200 kwa Sh600 kwa wiki nane, akapata Sh960,000, akaziandika katika barua ya madai. Mahakama haihesabu hivyo. Pale penye soko la bidhaa husika, hesabu huanzia kwenye tofauti baina ya bei ya mkataba na bei ya soko wakati mzigo ulipopaswa kupokelewa, kwa sababu samaki ambao hoteli iliwakataa bado walikuwa mali ya kuuzika. Kama wiki hizo changu walikwenda kwa Sh520, hasara ni Sh80 kwa kilo, yaani Sh128,000 kwa wiki zote nane.

Dai lote basi ni Sh368,000, si Sh1,200,000. Tofauti hiyo haiishii kwenye tarakimu. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai ya hadi Sh1,000,000 yakiwemo ya uuzaji na usambazaji wa bidhaa, imewekewa siku 60 za kumaliza shauri, na haibanwi na kanuni zote kali za ushahidi. Aliyevimbisha dai lake amejifungia mwenyewe mlango huo.

Zaidi ya tofauti ya bei, mara nyingi kuna hasara za kando: barafu iliyonunuliwa, chombo kilichokodiwa, kijana aliyelipwa kwa siku. Hizi, kama Mahakama ya Rufani ilivyoeleza katika shauri la Hahn dhidi ya Singh la mwaka 1985, ni lazima zitajwe waziwazi katika dai na zithibitishwe barabara, na kwa mazoea ya mahakama zetu maana yake ni risiti. Hasara ya mbali zaidi inakabiliwa na kanuni ya shauri la Hadley dhidi ya Baxendale la Uingereza, mwaka 1854, ambapo mwenye kinu cha Gloucester alinyimwa faida aliyoikosa kinu kiliposimama, kwa kuwa wachukuzi waliochelewesha mhimili wake hawakuambiwa kwamba kinu kizima kilikuwa kikiungojea. Hasara isiyo ya kawaida hulipwa ikiwa mwenzako aliijua wakati mnapatana. Na hatimaye, anayedai fidia anatarajiwa kuwa alijitahidi kuipunguza hasara: samaki waliokataliwa hotelini hawaachwi waoze ili dai linenepe.

Mkataba mmoja wa saini

Kwa upande wa kuwepo makubaliano, hakuna kinachoushinda. Hati yenye majina kamili ya pande zote, namba za usajili na sahihi inakidhi kifungu cha 6 papo hapo, na inamaliza ubishi ambao Malindi hauishi: mnunuzi ni nani hasa? Jina lililoandikwa langoni mwa hoteli laweza kuwa la biashara tu, jengo likawa la mtu mwingine, na uendeshaji ukawa wa kampuni ya tatu iliyokodi kwa misimu miwili. Anayeshtaki jina la langoni anaweza kushinda hukumu dhidi ya mtu ambaye sheria haimtambui.

Kwa masharti pia uko mbele, ila nguvu hiyo ina makali ya pande mbili. Sheria ya Ushahidi kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kupinga au kubadili yaliyoandikwa. Ukikubali kwa simu kwamba bei ipande kuanzia mwezi wa Aprili kwa sababu kusi limeingia na vyombo vidogo havitoki, na mkataba unasema mabadiliko yote yawe kwa maandishi yenye saini, bei mpya ina hatari ya kubaki hewani. Vilevile, kifungu cha notisi husomwa na wachache na huumiza wengi. Kama hoteli ingeweza kuvunja mkataba kihalali kwa notisi ya wiki mbili, basi fidia ya msambazaji kwa kawaida haitazidi wiki hizo mbili. Katika mfano wetu Sh128,000 zinashuka hadi Sh32,000, kwa sababu ya sentensi moja iliyonakiliwa kutoka kwenye mkataba wa mtu mwingine.

Kuhusu kupokelewa kwa mzigo, mkataba husema kitakachofanyika na hauwezi kusema kilichofanyika. Wafanyabiashara wenye mkataba mzuri, uliopigwa muhuri na kuwekwa kabatini, huanguka hapa mara nyingi kuliko wasio nao, maana mkataba huwapa usingizi.

Penye hasara ndipo unapolipa gharama yake. Mkataba pekee, kati ya njia hizi tatu, ndio unaoweza kuzithibitisha bila taabu zile wiki nane za mbele, kwa kuwa umetaja kiasi na muda. Unaweza kuweka riba ya kuchelewesha malipo, na kuweka kabla kiasi cha fidia kwa kila siku ya kuchelewa, mradi kiwe makadirio ya haki ya hasara na si adhabu ya kutisha, kwani adhabu mahakama haitaitekeleza. Mnunuzi naye anaweza kueleza ndani yake kwamba mzigo ni wa shughuli maalumu, na hivyo kuondoa hoja ya kutokujua.

Gharama ni ya wakili, ya ushuru wa stempu ambao hati isiyolipiwa inaweza kupingwa isipokelewe kama ushahidi, na ya muda wa kumshawishi meneja atie saini. Angalieni pia kifungu cha usuluhishi mbele ya msuluhishi binafsi. Kikiwepo, mahakama itaweza kusimamisha daawa hadi mwende huko, na kwa dai la Sh368,000 ada za msuluhishi na safari za Mombasa zinaweza kulimeza lote.

Mkataba unamfaa anayewekeza kabla ya kulipwa: aliyechukua mkopo kununua jokofu, aliyeagiza shehena ya mbao au boriti kwa kipimo cha mteja mmoja, na mnunuzi ambaye shughuli yake yote ya msimu inategemea mtu mmoja.

LPO, delivari na ankara

LPO ni agizo la mnunuzi mwenyewe, kwa karatasi yake, likiwa na jina la kampuni yake, kiasi na bei. Msambazaji akileta mzigo kulingana nalo, amekubali; na mnunuzi akiupokea, mlango wa kwanza wa kifungu cha 6 umefunguka. Kwa kuthibitisha makubaliano ya mzigo ule, njia hii haina upungufu wowote mbele ya mkataba. Ila kila LPO kwa kawaida ni mkataba wake peke yake. LPO nne za wiki nne zinathibitisha wiki nne, na msambazaji anayesema kwamba aliahidiwa kumi na mbili atalazimika kutafuta ahadi hiyo kwingine. Mazoea ya miezi mingi yanasaidia kuonyesha bei na namna ya kulipana. Si rahisi yageuke kuwa ahadi ya kuendelea kununua.

Kuhusu kupokelewa, hapa ndipo nyumbani kwake, na inafaa tukae kidogo. Delivari yenye nguvu ina jina la aliyepokea lililoandikwa kwa herufi za kusomeka, cheo chake, saa, muhuri, na uzani uliosomwa mizanini mbele yake. Delivari dhaifu ina mkunjo wa wino ambao hata aliyeutia hawezi kuutambua mwaka mmoja baadaye. Kilo zilizokataliwa ziandikwe papo hapo kwenye nakala zote, pamoja na sababu, kwa kuwa nakala ya hoteli ikisema 188 na ya msambazaji ikasema 200, hakimu ataanza kuzitilia shaka zote mbili. Mpokeaji akiandika "imepokelewa bila kupimwa", msambazaji asiondoke kabla ya kupima.

Lamu suala ni gumu zaidi, kwa sababu mzigo hupita mikono mingi. Saruji inashushwa Mokowe, inapakiwa mashuani, inateremshwa gatini na mahamali, kisha punda wanaipeleka hadi kwenye jengo ndani ya mitaa ambayo gari halipiti. Amepokea nani, na wapi? Pasipo mapatano mengine, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa huchukulia kwamba muuzaji anayetakiwa kupeleka mzigo, akimkabidhi mchukuzi, amemkabidhi mnunuzi. Kanuni hiyo yampendeza muuzaji hadi siku mashua inapopigwa na wimbi na mifuko ishirini inalowa, mnunuzi akisema nahodha aliajiriwa na muuzaji. Mstari mmoja kwenye LPO, kwamba mali itahesabiwa kuwa imepokelewa gati la Mokowe au mlangoni mwa jengo, na nani anamlipa nahodha, unafuta ubishi wote huo. Nimeona LPO nyingi za kisiwani. Mstari huo haumo karibu katika zote.

Ankara na vitabu vya hesabu vina thamani, lakini visipewe uzito visivyostahili. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ushahidi kinakubali maandishi ya vitabu vinavyowekwa kwa utaratibu katika biashara, kisha kinasema kwamba peke yake hayatoshi kumbebesha mtu deni. Ankara ya eTIMS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi (KRA), ambayo tangu tarehe 1 Januari 2024 mnunuzi anaihitaji ili gharama yake ikubaliwe katika kodi ya mapato, imetolewa na muuzaji, kwa hiyo haisemi kwamba mnunuzi amekubali. Hata hivyo, mnunuzi aliyeitumia ankara hiyo kupunguza kodi yake atapata taabu kueleza mahakamani kwamba mzigo haukuwahi kufika. Kilicho bora kuliko yote ni taarifa ya hesabu ya mwisho wa mwezi iliyotiwa saini na mhasibu wa mnunuzi. Inathibitisha deni, na tena kwa kuwa dai la mkataba lina muda wa miaka 6, kukiri deni kwa maandishi yenye saini huanzisha muda huo upya.

Kwa hasara, njia hii ni hodari kwa deni la Sh240,000 na bubu kwa zile Sh128,000. Gharama yake ni kitabu cha nakala tatu na nidhamu. Inamfaa mwenye mizigo ya mara kwa mara inayolipwa kwa mwezi, asiye na haja ya ahadi ya mbele, anayeogopa zaidi kunyimwa malipo kuliko kuachwa.

WhatsApp na M-Pesa

Wapo mawakili wanaoikejeli njia hii, na nadhani wanaidhulumu. Sheria ya Kenya ya Habari na Mawasiliano inakubali kwamba pendekezo na ukubali vinaweza kutolewa kwa ujumbe wa kielektroniki, na marekebisho ya sheria za biashara ya mwaka 2020 yaliitambua saini ya kielektroniki. Arubuni iliyotumwa kwa M-Pesa nayo inafungua mlango wa pili wa kifungu cha 6. Mtu mwenye "Kaka, nakuthibitishia kilo 200 kila Jumatatu hadi Pasaka, bei 600, nakutumia nusu sasa", ikifuatwa na ujumbe wa malipo wa dakika hiyo hiyo, ana ushahidi wa makubaliano ambao wengi wenye faili nene hawana.

Mwezi Juni 2023 mahakama ya Saskatchewan, Kanada, ilitoa hukumu katika shauri linalogusa mambo yetu yote mawili. Mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa tani 87 za mbegu za kitani kwa simu, akamwomba athibitishe. Mkulima akajibu kwa picha ya kidole gumba kilichoinuliwa. Mbegu hazikuletwa. Mahakama ilitazama biashara zao za nyuma, ambapo mkulima huyo alikuwa akijibu kwa neno moja au mawili tu na kuleta mzigo, ikaona kwamba kidole kile kilikuwa ukubali. Fidia ilikuwa dola 82,200.21 za Kanada: bei ya mkataba ilikuwa dola 17 kwa busheli, soko lilikuwa limefika dola 41, na tofauti ndiyo iliyolipwa. Mahakama ya rufani ya huko iliithibitisha hukumu hiyo mwaka 2024. Haiwafungi mahakimu wetu, ila wakili anaweza kuitumia kuwashawishi. Ziangaliwe nguzo zake: palikuwa na hati iliyotaja kiasi na bei, na palikuwa na mazoea. Kidole kwenye ujumbe usiotaja bei kisingefika mbali, na tiki mbili za buluu huonyesha kusomwa tu, kwani kunyamaza kwa kawaida si kukubali.

Masharti ndipo panapovuja. "Bei ile ile" ni bei ya wiki gani? Nani ameagiza: mpishi mkuu, mtunza stoo, au meneja mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni? M-Pesa inataja jina, kiasi na wakati, lakini haitaji malipo ni ya nini, na meneja akilipa kwa namba yake binafsi kampuni itasema kwamba hayo ni mambo yake. Na ndugu ya mwenye jengo akiandika kwamba "mimi ndiye dhamana", jueni kwamba ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, yatakiwa iwe ya maandishi yenye saini.

Kupokelewa huthibitishwa kwa picha ya mzigo ukiwa mizanini na jibu la mpokeaji. Yafaa, mradi ujumbe uingie mahakamani ipasavyo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka nakala za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na namna nakala zilivyotolewa, kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana ya kifaa hicho. Mazungumzo yatolewe mazima, si vipande vilivyochaguliwa, simu ihifadhiwe, na kile kitufe cha kufuta ujumbe baada ya siku kadhaa kizimwe leo. Ujumbe wa sauti, hasa wa Kiamu au Kigiryama, utahitaji kuandikwa na pengine kutafsiriwa.

Katika hasara, njia hii ina nguvu moja inayopita zote. Kumbukeni kinu cha Gloucester. Mikataba rasmi mara nyingi imeandikwa kabla ya shughuli yenyewe kujulikana, na LPO haina nafasi ya maelezo, bali kwenye WhatsApp meneja huandika mapema kabisa: "Mzee, Ijumaa kuna harusi, wageni 150, wewe ndiye tegemeo, wengine nimewaambia basi." Msambazaji aliyesoma hayo kisha akajibu kwamba ameelewa hawezi kusema hakujua. Kwa mnunuzi aliyelazimika kununua samaki wa dharura kwa bei kali, ujumbe huo pamoja na risiti za dharura ni kesi karibu kamili. Vilevile maneno ya mdaiwa kama "nivumilie hadi mwisho wa mwezi, pesa ya wageni haijaingia" ni kukiri deni ambako hakuna delivari ingeweza kukupa.

Gharama ni ndogo kuliko zote. Inawafaa wavuvi, wachuuzi na mafundi wenye mizigo midogo ya haraka, na inamfaa kila mtu kama kumbukumbu ya pili. Wakazi wengi wa Lamu wanaijua aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamuru deni la muda liandikwe na kushuhudiwa huku ikiilegezea biashara ya mkono kwa mkono. Mpaka huo wafaa hapa pia: mzigo unaolipwa ukiwa bado mizanini hauhitaji zaidi ya ujumbe wa M-Pesa, lakini mkopo wa siku 30 unahitaji.

Kwa hali yako

Kama hofu yako ni kuachwa katikati ya msimu baada ya kuwekeza, chagua mkataba, hata wa kurasa mbili, wenye kiasi cha chini kwa wiki, muda, na notisi ambayo hasara yake unaweza kuibeba. Weka delivari juu yake, kwani mkataba hautakuthibitishia hata kilo moja.

Kama mteja wako hulipa, ila kwa kuchelewa, na uhusiano ni wa mzigo kwa mzigo, LPO na delivari zinatosha. Nguvu zako zitumie kwenye taarifa ya hesabu ya kila mwezi yenye saini ya mteja.

Kama mteja amekataa kusaini chochote, nawe unaihitaji biashara, mtumie siku hiyo hiyo ujumbe mmoja unaotaja jina la kampuni, kiasi, bei, muda na siku ya malipo, umwombe ajibu, na uombe arubuni kupitia namba ya kampuni. Usiupeleke mzigo wa pili wa mkopo kabla ya jibu.

Kama mnunuzi ni serikali ya kaunti, iwe ya Lamu au Kilifi, au taasisi yoyote ya umma, kanuni ni nyingine. Kifungu cha 135 cha sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 kinasema kwamba aliyeshinda zabuni hana mkataba hadi hati ya maandishi itiwe saini na pande zote. Barua ya kushinda, simu ya afisa na picha ya kidole havitakusaidia, na mali za serikali hazikamatwi na dalali wa mahakama kama za mtu binafsi hata ukishinda.

Kama wewe ndiwe mnunuzi uliyeangushwa, nunua kwingine upesi kwa bei ya kawaida, weka risiti, na andika siku hiyo bei ya soko. Daftari la BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari yao, la uzani na bei bandarini, pale linapowekwa vizuri, ni shahidi asiye na upande.

Na kama mgogoro umeshaanza, kwanza tenganisha deni na fidia katika karatasi mbili, kila kiasi na hati yake. Kisha tazama jumla. Ikiwa chini ya Sh1,000,000, uliza kuhusu Mahakama ya Madai Madogo. Ikizidi, mahakama ya hakimu, ambapo hakimu mkuu husikiliza madai ya hadi Sh20,000,000. Mahakama ya Kadhi, ambayo wazee wa Lamu huenda wakakuelekeza kwa nia njema, imepewa na Katiba mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, wala si deni la saruji. Kadhi au mzee wa mtaa bado anaweza kuwakutanisha mkapatana. Mkifika hapo, mapatano hayo nayo yaandikwe, yatajwe kiasi na tarehe, na yatiwe saini kabla ya watu kuinuka.